Haisi mbili mkononi, moja ilikuwa daladala: nikague nini kabla ya kuigeuza gari la kulala?

NjiroKati:
Wakuu habari. Natafuta gari la kugeuza liwe na kitanda, jiko dogo na sola, safari za wiki mbili tatu: Manyara, Kondoa, Singida, hadi Tanga. Nimeona mbili.

Ya kwanza ipo Moshi: Haisi ya umbo la zamani ya 1998, dizeli, injini 3L, ilikuwa daladala, siti bado zimo. Ya pili ipo Arusha: KDH200 (Haisi ya umbo jipya) ya 2006, injini 2KD, ilikuwa ya mizigo, nyuma tupu. Wamepishana milioni tano. Urefu wangu ni futi 5 na inchi 9, nalala peke yangu. Naomba wanaoyajua haya magari waniambie nianzie wapi kukagua na kitu gani kikionekana niondoke bila kuuliza bei.

bodi_na_rangi:
Anza na bodi. Injini unaweza kununua nyingine ya Japani ikafungwa ndani ya wiki. Sakafu iliyooza ukishaifunika kwa plaiwudi na godoro, utakuja kuijua ikiwa imeshatoboka.

Nenda na tochi, bisibisi ya zamani, boksi la kulalia na sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa. Pitisha sumaku kwenye matao ya magurudumu ya nyuma, chini ya milango na kuzunguka kioo cha mbele. Isiposhika, hapo kuna puti, ile ya kuzibia bati kabla ya rangi. Puti kidogo si kosa, lakini ikiwa imejaa chini ya kioo cha mbele, rudi nyumbani: maji yanapita hapo yanashuka kwenye fremu na nyaya za dashibodi, na kuirekebisha vizuri lazima kioo kitoke.

Kwenye ile ya zamani angalia na mifereji ya paa pande zote mbili. Kisha mwambie muuzaji akuruhusu kufunua zulia la mpira. Daladala ina matundu ya boliti za siti, watu wanamwaga maji kuosha, maji yanakaa chini ya mpira miaka. Gonga sakafu kwa mpini wa bisibisi: bati zima linalia, lililooza linatoa sauti ya kufa. Muuzaji akikataa kufunua, umeshapata jibu.

Ingia chini. Kutu ya juu juu iliyokauka ni kawaida. Kutu inayobanduka vipande vipande kwenye chesisi, hasa panaposhikia springi za nyuma na pale pa kuwekea jeki, hiyo acha. Uliza pia gari limefanyia kazi wapi. Lililokaa Tanga au Dar miaka mingi, chumvi imelila kuliko la huku kwetu, hata rangi ikiwa inang'aa.

Kuhusu nafasi, pima mwenyewe kwa futi kamba. KDH200 ya paa la kawaida ina kama mita 3 nyuma ya siti ya dereva, upana kama sentimita 152, kimo kama 132. Kwa hiyo utalala kwa urefu wa gari, kukingama haiwezekani. Toa sentimita 6 za sakafu na dari ukishaweka kizuia joto, toa 10 za godoro. Kitanda kikizidi sentimita 25 kutoka sakafuni, hutakaa wima bila kichwa kugusa dari. Wengi wanajenga kitanda cha sentimita 45 ili kupata stoo chini, halafu wanaishi wameinama.

Fundi_Pasua:
Bodi sawa, ila sikubaliani kwamba injini ni ya kubadilisha tu. Kwa safari za Kondoa, aina ya injini ndiyo inaamua utalala wapi siku imegoma.

3L haina kompyuta. Pampu na nozeli zake fundi yeyote wa dizeli anazijua. Adui yake ni kuchemka: silinda hedi inapasuka. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, na ukifika shika injini, iwe baridi. Fungua mfuniko wa rejeta, ndipo iwashwe. Mapovu yakitoka mfululizo, au mpira wa juu wa rejeta ukawa mgumu ndani ya dakika mbili wakati injini bado baridi, gesi inaingia kwenye maji. Moshi mweupe wa asubuhi unaoisha upesi usikutishe. Usioisha, na maji yanapungua, ndio ugonjwa.

Mchezo wa huku ni kutoa thamostati (kifaa kinachozuia maji yasizunguke kwenye rejeta hadi injini ipate moto) ili mshale wa joto ukae chini. Utajua hivi: ikiwepo, mpira wa juu unabaki baridi muda, halafu unapata moto ghafla. Imetolewa, unapata vuguvugu taratibu tangu mwanzo. Muulize kwa nini imetolewa. Angalia na rangi ya maji: ya kahawia maana yake wamejaza maji ya bomba miaka yote. Hapo Arusha, mita kama 1,400, maji ya wazi yanachemka karibu nyuzi 95, kwa hiyo mfuniko wa rejeta uliolegea, usioshika presha, una madhara zaidi kuliko Dar.

2KD ina nguvu zaidi na inakula mafuta kidogo, lakini ina ugonjwa wake. Washa (pete) za shaba chini ya nozeli zikichoka, gesi ya mwako inachafua oili, masizi yanaziba chujio la waya lililo ndani ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Oili haipandi, turbo na beringi zinakwisha. Ikiwashwa baridi, taa ya oili izime mara moja. Ikikawia sekunde kadhaa, usinunue bila kushusha sampu. Lipia mtu mwenye mashine ya kusoma kompyuta: injini ikiwa moto, marekebisho ya kila nozeli (mafuta ambayo kompyuta inaiongezea au kuipunguzia) yawe kati ya -3 na +3. Iliyozidi imechoka, na gharama ya nozeli inaweza kumeza tofauti ya bei unayoiona leo.

Zote mbili zina taimingi belti, si cheni. Hakuna ushahidi wa lini ilibadilishwa? Hesabu kwamba haijabadilishwa.

Jaribu kutoka Himo kupanda Marangu, watu watano ndani. Ukifika juu iache inaunguruma dakika tano, fungua mfuniko wa oili. Moshi mwepesi sawa. Ikipuliza kwa nguvu, ringi za pistoni zimekwisha.

kadi_kwanza:
Namba ya chesisi na ya injini zisomwe kwenye chuma chenyewe, zilinganishwe na kadi. 3L nyingi zimebadilishwa bila kuandikishwa. Kagua deni la faini za trafiki na la maegesho ya TARURA kwa namba ya gari. Ile ya Moshi itakuwa imeandikwa ya biashara na idadi ya siti: ulizia TRA kubadili matumizi kabla hujatoa siti hata moja.

NjiroKati:
Shukrani sana wakuu. Na springi? Ile ya Moshi nyuma imeinuka kuliko mbele.

Fundi_Pasua:
Wameongeza vipande vya springi ili kubeba abiria. Kwa kitanda na maji ya lita 60 haifiki mzigo wa watu 15, itakurusha usiku na mchana. Hesabu vipande kila upande, linganisha na gari lisiloguswa, vilivyozidi utavitoa. Vikiwa havilingani kushoto na kulia, pima chesisi kwanza, huenda imepinda.

Na nyaya za muziki na taa za ziada za daladala, zing'oe zote. Betri ya sola iwe na njia yake na fyuzi yake karibu na betri. Usipime paneli kwa jua la Januari. Juni hadi Agosti huku mawingu yanakaa siku nzima, kwa hiyo friji ikiwepo, paneli ya wati 200 ni ya kuanzia.