Eti bakteria wa baharini wana sabuni yao? Oili inatuharibia diko

Kijana wa Wete
Asalaam aleikum jamaa, nna suali. Hapa dikoni kwetu boti zikibadilishwa oili ile chafu inamwagwa hapo hapo, maji yakitoka tope lote linang'ara rangi rangi. Juzi ami yangu kamwaga sabuni ya unga juu yake, mafuta yakapotea machoni lakini mie roho haikutulia. Nasikia kuna bakteria wa baharini wanatoa sabuni yao wenyewe na mafuta wanayala, ni kweli? Tunaweza kuwafuga kwenye pipa?

Binti Bahari
Waaleikum salaam kaka. Ni kweli kabisa, na ndo mambo nnayosomea. Yupo mmoja anaitwa Alcanivorax borkumensis, kapewa jina 1998, katolewa Bahari ya Kaskazini karibu na kisiwa cha Borkum kule Ujerumani, chakula chake mafuta tu karibu hana chengine. Sasa mafuta na maji hayashikani, kwa hivo anatoa kitu nusu sukari nusu mafuta, upande mmoja unashika maji mwengine unashika mafuta, lile tone linakatika vijitone vidogo vidogo ndo anapata pa kula. Na jamaa zake wamo bahari nyingi duniani sio huko tu. Bakteria wengine wa jamii ya Bacillus wanatoa sabuni inaitwa safaktini, hii ina nguvu ajabu, ule mvutano unaoshika uso wa maji kama ngozi, ambao kipimo chake ni 72 (milinyutoni kwa mita), inaushusha mpaka kama 27. Viwandani sabuni za namna hii zinatiwa kwenye vipodozi, sabuni za vyombo, hata kusafishia matangi ya mafuta, ila bei yake bado kali.

Ami yako mwambie kwa adabu, mafuta hayakuondoka, yamesambaa yakashuka chini waliko vitoto vya samaki.

Mama Mwani
Na kwenye kamba zetu za kupandia mwani pia mwanangu! Mwani ukishaingia oili unanuka, nani ataununua?

Kijana wa Wete
Dah pole mama. Na pipa je?

Binti Bahari
Pipa usithubutu. Yupo bakteria mwengine, Pseudomonas aeruginosa, nae anatoa sabuni nzuri inaitwa ramnolipidi, lakini huyo huyo anaingia kwenye vidonda na kumtoa humo ni kazi kubwa, na kwa macho huwezi kujua umefuga yupi. Alaska 1989 meli ya Exxon Valdez ilipomwaga mafuta walitia mbolea ufukweni ili bakteria waliokuwepo wapate naitrojeni wazidi kula, na bado ilikuwa kazi ya miezi. Nyie mnamwaga kila wiki, watamaliza lini?

Fundi Mashine
Mie naweka beseni chini ya mashine, oili yote naitia galoni, wenye kujenga wanakuja kuichukua wapake nguzo zisiliwe na mchwa. Haimwagiki hata tone.

Kijana wa Wete
Fundi nna galoni mbili tupu nyumbani. Ijumaa baada ya sala nakuja na ami, muoneshe weye mwenyewe hilo beseni linakaaje, mie hanisikilizi.

Fundi Mashine
Mlete, nipo.