Shemeji ananidai kreti ya soda kwa ajili ya vikombe vitatu. Nilipe?

Kobe wa Mbagala: Wakuu, naombeni ushauri kabla sijaaibika ukweni. Jumapili shemeji alificha sarafu ya mia mbili chini ya kimoja kati ya vikombe vitatu vya kahawa. Nikachagua cha kushoto. Hakukigusa, akafunua cha kati, kitupu. "Unabaki au unahama?" Nikasema nabaki, vimebaki viwili, ni nusu kwa nusu. Yeye anadai anayehama hushinda mara mbili ya anayebaki. Tukabishana hadi chai ikapoa, tukawekeana kreti: raundi 30, mimi nabaki tu. Nimeshinda 9. Si bahati mbaya hii?

Mla Kiporo: Usilipe mkuu. Vikombe viwili, sarafu moja, hamsini hamsini. Huo ni ujanja wa karata tatu.

Mwalimu Mstaafu: Lipa, kijana. Ulipochagua ulikuwa na theluthi moja, na theluthi mbili zilikuwa kwenye vile viwili. Shemeji yako anajua sarafu ilipo na hawezi kuifunua, kwa hiyo kile alichokiruka ndicho kimebeba theluthi zote mbili. Fikiria vikombe 100: unachukua kimoja, anafunua 98 vitupu, anakiruka kimoja tu kule pembeni ya sinia. Bado unabaki? Lakini usione haya. Mwaka 1990 Marilyn vos Savant alitoa jibu hilo katika jarida la Parade la Marekani, zikamiminika barua kama 10,000, nyingi zikimwambia amekosea, na karibu 1,000 ziliandikwa na watu wenye shahada ya uzamivu.

Dada wa Magomeni: Aliyefunua alikuwa anajua ilipo sarafu raundi zote?

Kobe wa Mbagala: Hapana. 12 za mwisho alifunua kitinda mimba wangu, ana miaka sita, anabahatisha tu. Mara sita aliifunua sarafu yenyewe, tukafuta tukarudia.

Dada wa Magomeni: Basi hizo 12 zitoe. Zile sita mlizofuta ndizo ambazo anayehama angeshinda. Ukishazitupa, kubaki na kuhama ni sawasawa. Kikombe ni kitupu vilevile, ila mkono uliokifunua ulikuwa haujui kitu. Kati ya 18 za shemeji ulishinda ngapi?

Kobe wa Mbagala: Nne.

Mwalimu Mstaafu: Lipa.

Mla Kiporo: Nimechukua vizibo vitatu na punje ya mahindi, mke wangu ndiye anaficha na kufunua. Nimebaki mara 20, nimepata 6. Komenti yangu ya juu msiisome.