Naomba ushauri: je, mwenye biashara ndogo ananufaika kwa kujijengea jina lake binafsi?

Mleta mada

Wadau, salaam. Nina karakana ya ushonaji ambayo nimeiendesha kwa miaka sita nikiwa na mafundi wanne, na kazi yetu kubwa ni suti za kupima na nguo za harusi. Mwaka jana mdogo wangu alinishawishi nijitokeze mwenyewe mtandaoni, nieleze namna ya kuchagua kitambaa na kosa gani hufanya bega la koti likae vibaya. Nilikubali, ingawa baba yangu, ambaye ndiye aliyenifundisha ufundi huu, siku zote husema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mdogo wangu humjibu kwamba biashara ni matangazo, nami mpaka leo nimesimama katikati yao.

Wateja wameongezeka kweli, hilo silikatai. Lakini limezuka jambo ambalo sikulitazamia: karibu kila mteja mpya anataka nimpime mimi na nimkatie mimi, na akikuta sipo anaahirisha, ilhali mmoja wa mafundi wangu anakata koti vizuri kuliko mimi. Tena, jioni ambazo zamani nilizitumia kukagua kazi kabla haijachukuliwa, siku hizi zinaishia katika kurekodi na kujibu maswali. Mwezi uliopita nguo mbili zilirudishwa kwa kasoro ambazo ningeziona mapema laiti ningekuwa mezani. Linaniuma kuona kwamba jina ninalolijenga linanitoa katika kazi ile ile iliyonipatia jina. Je, niendelee hivi, au nijenge jina la karakana peke yake?

Mchangiaji wa kwanza

Mleta mada, pole na pia hongera. Faida ipo, na katika kazi yako ni kubwa kuliko katika biashara nyingi, kwa sababu mteja wako anatoa kitambaa na malipo ya awali kabla hajaiona nguo, kwa hiyo siku ile hana kitu cha kukagua isipokuwa mtu aliye mbele yake. Anayeuza saruji hana haja hiyo. Mfuko ni ule ule popote, na mnunuzi anaangalia bei na umbali.

Mfano ninaoupenda ni wa Madam C. J. Walker wa Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20. Aliweka picha yake mwenyewe kwenye makopo ya mafuta yake ya nywele, na wanawake weusi walimwamini kwa kuwa yeye mwenyewe aliwahi kusumbuliwa na kukatika nywele. Hata hivyo, hakuzunguka kumhudumia kila mteja, bali aliwafundisha maelfu ya mawakala wa kike, nao wakaifanya kazi kwa utaratibu wake. Sura ilikuwa moja, mikono ilikuwa mingi. Nadhani karakana yako imepata sura, ila bado haijaionyesha mikono yake.

Mchangiaji wa pili

Naomba nitofautiane kidogo na ndugu aliyetangulia, kwa sababu tunapozungumzia faida huwa tunasahau siku ya kuugua, ya kuuza au ya kukosea.

Jo Malone wa Uingereza aliiuza biashara yake ya manukato yenye jina lake kwa kampuni ya Estée Lauder mwaka 1999, akaondoka kabisa mwaka 2006, na aliporudi sokoni mwaka 2011 ilimbidi atumie jina jingine, Jo Loves, kwa kuwa jina lake mwenyewe lilikuwa tayari ni mali ya watu wengine. Gerald Ratner, aliyekuwa na maduka ya vito nchini humo, alitoa hotuba mwaka 1991 na humo akaidharau bidhaa yake mwenyewe kwa mzaha. Thamani ya kampuni ilianguka kwa takribani pauni milioni 500, yeye akaondoka, na mwaka 1993 kampuni ikaliacha jina lake. Hao walikuwa wakubwa, lakini kwa mdogo ni hatari zaidi, kwa sababu hana akiba ya kungojea watu wasahau.

Mimi mwenyewe niliwahi kushirikiana na mwenzangu katika biashara ndogo ambayo yeye ndiye aliyekuwa sura yake. Tulipoachana, mashine zilibaki kwangu na wateja wakamfuata yeye, na sikuwalaumu, kwani hawakuwahi kuijua biashara bali walimjua yeye.

Mleta mada

Nawashukuru wote. Hofu niliyobaki nayo ni hii: nikiwatambulisha mafundi wangu kwa wateja, je, hawataondoka nao?

Mchangiaji wa tatu

Dada, anayetaka kuondoka ataondoka hata ukimficha, tena ataondoka na kinyongo cha kufichwa. Kinachomrudisha mteja wa nguo za kupima ni vipimo vyake. Viandikwe kwenye daftari la karakana, pamoja na maelezo kama bega moja kushuka kuliko jingine au upendeleo wa mikono mirefu, na simu inayopokea oda iwe ya karakana, si ya fundi wala yako wewe. Fundi anayekata vizuri mpe sehemu ya faida ya kila koti. Hapo ndipo watu wengi hubana mkono, halafu wanashangaa kubaki peke yao.

Kuhusu wateja wanaokungoja, usiwaambie tu kwamba fundi ni hodari. Simama hapo fundi anapopima, mtaje kwa jina, useme wazi kwamba mabega anayajua kuliko wewe, kisha nenda ukaendelee na shughuli zako. Imani waliyo nayo kwako ndiyo itakayomfikia, na hiyo kwangu ndiyo faida kubwa ya kuwa na jina: unaweza kumdhamini mwingine kwa neno lako. Rekodi mara moja kwa wiki, mchana, kazi ikiendelea, na jioni zako uzirudishe kwenye ukaguzi. Kisha kwa miezi mitatu muulize kila mteja mpya amewajuaje, uandike. Huenda ukakuta wengi wameletwa na waliovaa nguo zenu, na hapo utajua video zinastahili saa ngapi za wiki yako.

Mchangiaji wa nne

Nyongeza fupi: wale wawili waliorudisha nguo wapigie simu wewe mwenyewe, leo, kabla ya kurekodi chochote.

Mleta mada

Nimewapigia wote wawili. Mmoja ameshakuja na kujaribu tena nguo yake. Daftari la vipimo tulikuwa nalo, ila nusu ya maelezo yalikuwa kichwani mwangu, na jana usiku tumeanza kuyaandika. Nimemwomba fundi wangu aeleze mwenyewe habari ya bega la koti katika video ya wiki hii. Amekubali, ila ameomba tumalize kwanza lile koti la pili lililorudi, alitumie hilo kuonyesha kosa lilikuwa wapi.