Injini ya pikapu na ya gari la mbio: ni moja kweli?

Lami_Kavu
Wakuu, habari za kazi. Nina bodi la gari dogo la milango miwili, la kuvuta kwa tairi za nyuma, halina injini. Nilikuwa nataka LS1, ile V8 ya lita 5.7 iliyoanza na Corvette ya 1997, gari la michezo la Chevrolet, lakini kuipata ni shughuli, na kila anayeiuza anajua anauza nini. Rafiki yangu ananiambia niache ubishi, nichukue LM7 ya lita 5.3 iliyotoka kwenye pikapu ya Silverado, eti ni injini ile ile. Sasa nikiangalia karatasi naona farasi 345 kwa 285. Kama ni injini moja, hizo 60 zimeenda wapi? Na naweza kuzirudisha bila kugusa bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda?

Turbo_Mzee
Usijisumbue, mkuu. Ya pikapu imetengenezwa kubeba mzigo, mbio haijui. Halafu ni chuma tupu, itakulemea pua ya gari mpaka kona zikushinde.

Mkono_wa_Grisi
Turbo_Mzee, kwenye uzito nakubaliana nawe, na hapo tu. Bloku ya LM7 ni chuma na ya LS1 ni alumini. Zinapishana kilo arobaini na kitu. Kwenye gari jepesi utazisikia.

Ila hilo la "mbio haijui" nalikataa. Nimezifungua zote mbili. Pistoni inasafiri milimita 92 kwenye LM7, na milimita 92 hizo hizo kwenye LS1. Zinapoachana ni kipenyo cha silinda: 96 kwa 99. Hapo ndipo lita 5.3 inapokuwa 5.7, na sehemu fulani ya zile farasi inaishia hapo. Sehemu fulani tu.

Lami_Kavu, acha farasi kidogo utazame torki, yaani nguvu ya kuzungusha. LS1 ya Corvette inatoa Nm 475 hivi. LM7 ya farasi 285 inakaribia 450. Umeona pengo lilivyo dogo? Farasi ni torki mara mizunguko, basi. LS1 ikifika 5,600 kwa dakika bado inameza hewa vizuri; LM7 pale imeshaanza kukata pumzi. Na walioiunda walitaka hivyo, kwa sababu mwenye trela nyuma anahitaji nguvu akiwa 2,000, hana shida na 6,000.

Zilaze kamshafti za injini hizi mbili, zile shafti zenye nundu za kufungulia valvu, kwenye benchi uone. Nundu za ya pikapu ni fupi na zimebana. Kwa kipimo tunachotumia mafundi, valvu ya kuingiza hewa inakaa wazi nyuzi 190 hivi za mzunguko wa krankshafti, shafti inayozungushwa na pistoni. Ya LS1 inasogelea 200. Unaweza kusema nyuzi kumi ni kitu gani. Ni kwamba valvu ya pikapu inafunga mapema, kwa hiyo injini ikizunguka polepole, hewa iliyoingia haipati nafasi ya kusukumwa irudi kwenye manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa) pistoni inapopanda. Silinda inajaa. Ukipanda mizunguko mambo yanageuka: hewa inakuja kwa kasi, bado inataka kuingia, inakuta mlango umefungwa.

Kompresheni nayo, yaani hewa inavyobanwa ndani ya silinda: LM7 ni 9.5 kwa 1, LS1 imepita kidogo 10. Pikapu inakunywa petroli ya kawaida, na inaweza kupanda mlima dakika nyingi mguu ukiwa chini na mzigo nyuma. Joto linapanda, na kompresheni ikiwa kubwa mno itaanza kugonga, yaani petroli inalipuka yenyewe kabla ya wakati. Gari la michezo unalikanyaga sekunde chache, kona inafika, unaachia.

Sasa jibu la swali lako. Kamshafti ya LS1 inaingia kwenye LM7, na manifoldi yake inakaa kwenye hedi zile (sehemu za juu ya silinda zenye valvu), tundu za hewa ni za umbo moja. Weka kamshafti yenye nundu ndefu, badilisha springi za valvu, programu ya kompyuta iandikwe upya, na pengo kubwa litakuwa limezibika hujagusa bloku. Ukija kutamani zaidi baadaye, hiyo bloku ya chuma inakubali kutobolewa kutoka 96 hadi 99. Ya alumini ina silivu (kuta za chuma za ndani ya silinda) nyembamba, haikupi uhuru huo.

Dizeli_Hapana
Naongezea ya Ford, maana ni hadithi ile ile. Ile 5.0 ya 2011: Mustang farasi 412, F-150 farasi 360. Torki Nm 529 kwa 515! Bloku ni alumini kote. F-150 ikapewa kamshafti za kuingiza hewa zenye muda mfupi, kompresheni ikashushwa toka 11 hadi 10.5, ikaongezewa na kipoza oili. Kwa hiyo ya pikapu ndiyo iliyoongezewa vitu kwa ajili ya kudumu. Watu huwa wanadhani ni ya bei rahisi tu.

Lami_Kavu
Nimeelewa, asanteni sana. Sasa Mkono_wa_Grisi, ukiwa unaivalisha kwenye bodi dogo, nini hasa kinasumbua? Maana ndani umenitoa wasiwasi.

Mkono_wa_Grisi
Vya nje, kaka. Vitatu. Manifoldi ya pikapu imenyanyuka kwenda juu, boneti yako haitafunga. Kwa nguvu si mbaya hata kidogo, wanaoitukana wanaichukia sura. Kama boneti inakubali kukatwa, iache.

Puli za mbele zimesimama nje zaidi ya za Corvette kwa kama milimita 38. Ukichanganya puli ya huku na mabano ya kule, mkanda utakaa upande na utaruka kila ukikanyaga. Chukua seti nzima ya gari moja.

Sampu, lile karai la oili chini ya injini, ndiyo yenyewe. Ya pikapu imeshuka chini mno kwa sababu pikapu iko juu na ina nafasi. Kwenye gari lako itakuwa ndiyo kitu cha kwanza kugonga tuta. Ya Corvette ni pana na fupi, ina mabawa pembeni ya kushika oili kwenye kona, lakini mara nyingi mabawa hayo hugonga fremu. Wengi tunaishia na ya Camaro (gari jingine la michezo la Chevrolet) yenye LS1, ambayo kisima chake kiko nyuma. Ukiinunua hakikisha imekuja na bomba lake la kunyonyea oili na ile sahani ya kuzuia oili isirukie krankshafti. Bomba la pikapu ni refu, halitaingia humo, na kulikata na kuchomelea sikushauri: likivuta hewa kidogo tu, bearingi zimekwenda.