Naomba ushauri: madai ya bima yanarudi na makato kila mwezi

Habari zenu ndugu zangu. Nashughulikia madai ya bima kwenye zahanati moja huku Ngamiani, Tanga. Mwezi uliopita tumekatwa tena, safari hii karibu fomu zote za malaria. Jana nimekaa nazo mezani hadi adhana ya magharibi, nazipitia mojamoja. Daktari kaandika msimbo wa ugonjwa B54, yaani malaria isiyotajwa aina, wakati majibu ya maabara yanaonyesha malaria ya aina ya falciparum, ambayo msimbo wake huanza na B50. Dawa ya mseto imetolewa, mgonjwa kasaini, mama wa watu kapona kaenda zake. Sisi hela hatuzioni. Nyingine tarehe ya kipimo imetangulia siku ya kumwona daktari.

Kinachoniuma, dawa tunanunua kwa fedha hizohizo, na kabati la dawa limeanza kubaki tupu.

Daktari ni mtu mzima, namheshimu sana, na foleni ya asubuhi haimpi nafasi. Je, nimrudishie fomu kabla ya kufunga mwezi, au wenzangu mnakagua kila jioni? Na kwenye rufaa ya makato, nakala ya majibu ya maabara inatosha?