Mliopiga Linux (mfumo wa kutumia badala ya Windows) kwenye mashine za zamani, tupeane uzoefu: nini kiliwatoa jasho?

Mwanzisha mada
Wakuu, habari za muda huu.

Laptopu yangu ni Core i5 ya kizazi cha 7, RAM GB 8, kioo kizima, kibodi haijafutika hata herufi moja. Windows 10 ilipofikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, nikaambiwa Windows 11 haipandi humu: inataka Intel ya kuanzia kizazi cha 8 na chipu ya usalama ya TPM 2.0. TPM ninayo, kizazi sina. Mashine nzima imekataliwa kwa namba moja!

Nikashusha Linux Mint, ile nyepesi ya Xfce, nikaiweka kwenye flashi, nikaijaribu kwanza bila kusakinisha. Sauti inatoka, waifai inashika, raha. Kubonyeza sakinisha, diski haionekani. Kwenye orodha kuna flashi peke yake. Nikaanza kuamini diski imekufa, na Windows ilikuwa imewaka kwenye diski hiyohiyo asubuhi yake. Siku mbili nahangaika. Kumbe kwenye baiosi (mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka) diski ilikuwa imewekwa RAID, hali ya kuunganisha diski kadhaa; nikahamishia AHCI, hali ya kawaida, ikajitokeza. Angalizo kwa wanaotaka kubaki na Windows pembeni: ukibadili hapo kienyeji inaweza kugoma kuwaka, iandae kwanza kwa kuiwasha kwenye hali salama.

Zamu yenu. Taja mashine, ulipiga nini, na kilichokukwamisha. "Linux tamu sana" peke yake haitusaidii.

KibodiKavu
Core 2 Duo, RAM GB 2, nilipiga antiX, Linux nyepesi ya mashine za zamani. Ilipanda vizuri tu, balaa likaja kwenye kuperuzi. Kila tovuti nikifungua, kivinjari kinasema si salama. Kusasisha programu nako kunagoma, eti faili la hazina ya programu bado halijaanza kutumika. Bado! Nikabadili kivinjari. Nikapiga antiX upya, mara mbili. Mdogo wangu akapita nyuma yangu akauliza, "Kaka, mbona hapo chini wameandika 2008?"

Betri ya saa ilikuwa imekufa, ile bapa kama sarafu, CR2032. Nikizima tu, mashine inarudi ujanani, na vyeti vya usalama vya tovuti zote kwake vinakuwa vya miaka ambayo haijafika. Nimebadili betri, kelele zimeisha.

SikioLaFeni
Wenye prosesa za zamani za biti 32 msijidanganye. Yangu ni laptopu ndogo yenye prosesa ya Atom, RAM GB 1. Debian 12, Linux nyingine, ilipanda, lakini Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha biti 32, na Chrome iliwaacha watu wa Linux ya biti 32 tangu 2016. Mfumo wenyewe na IceWM, programu ya kupanga madirisha, ni mwepesi kabisa. Sasa fungua tabo mbili uone: inaganda mpaka kishale kinatembea kwa kuruka. Kinachoua mashine hizi ni kurasa za intaneti, mfumo unasingiziwa. Nimeigeuza ya kuandikia na kupiga muziki, tumeelewana.

Mwanzisha mada
SikioLaFeni, zram, ile ya kubana data ndani ya RAM, umejaribu?

SikioLaFeni
Nimejaribu mkuu. Tabo zimetoka mbili zimekuwa tatu 😂

MamaKebo
Mimi ni waifai. Kadi haikutambulika, draiva yake iko mtandaoni, na mtandao ndio ninaoutafuta. Ufunguo umefungiwa ndani! Nikaanza kunakili vifurushi kwa flashi kutoka mashine ya ofisini. Kila kifurushi nikikileta kinadai mwenzake, wiki nzima. Mtu akaniambia nichomeke simu kwa waya wa USB na kuiruhusu igawe intaneti kwa njia hiyo. Mint ikaiona kama kebo ya mtandao, haikuuliza kitu. Nikafungua kidhibiti cha draiva, nikaweka alama, nikawasha upya. Dakika kumi.

NimerudiZangu
Mtanichukia, lakini nilikaa Linux miezi minne nikarudi. Programu yetu ya hesabu kazini ni ya Windows. Kwa Wine, ile ya kuendesha programu za Windows ndani ya Linux, inafunguka, ila ukituma risiti kwenye printa inatoka miraba mitupu badala ya herufi. Na kilichofufua laptopu yangu hasa ni kutoa diski ile ya kuzunguka na kuweka SSD, diski ya kasi isiyozunguka. Zamani nikiiwasha naenda kuoga, nikirudi bado inajikuna. Wekeni SSD kwanza, mabishano ya mfumo baadaye.

Mwanzisha mada
La SSD nakuunga mkono. Ila uko kwenye Windows 10 isiyosasishwa?

NimerudiZangu
Ndiyo, na nimeikatia intaneti kabisa. Hesabu tu, faili zinatoka kwa flashi.

MgeniJana
Samahanini wakuu, mimi niko katikati ya kazi hivi sasa. Nimefika panapouliza kama nifute diski yote. Zinaonekana mbili, moja ni ya nje, ina picha za harusi. Nibonyeze?

Mwanzisha mada
USIBONYEZE. Chomoa hiyo ya nje kwanza, rudi nyuma, orodha ijisome upya. Ibaki moja.

KibodiKavu
Na iliyobaki usome ukubwa wake, siyo jina. Majina yanafanana.

MgeniJana
Nimechomoa. Mikono inatetemeka.