Ndege moja, nauli mbili, ukiuliza unapigwa danadana

Wakuu habari zenu, naandika nikiwa na hasira kwahiyo mnivumilie, na nikikosea mahali wajuzi mtanirekebisha. Nimerudi safari wiki iliyopita na mpaka sasa hivi sijui nilikuwa abiria wa shirika gani.

Iko hivi. Nilikata tiketi kwenye tovuti ya shirika moja la ndege, tuliite Muuzaji maana kazi yake kwenye habari hii yote ilikuwa kuuza tu. Namba ya ndege ya Muuzaji, nembo ya Muuzaji, hela imeingia kwa Muuzaji. Chini kabisa, kwa vimaandishi kama sisimizi, wameandika kwamba safari itaendeshwa na shirika lingine, huyo tumwite Mrushaji. Ndio hiyo wanaita kodisheya, ndege ya mmoja inabandikwa namba ya mwingine ili naye auze siti. Sikujali, nikasema ndege ni ndege ilimradi nifike.

Sasa nimeshakaa zangu dirishani, jamaa wa siti ya katikati kaweka bodingi pasi yake kwenye kile kimeza, nikaichungulia (umbea tu, nakiri). Namba ya ndege sio yangu! Nikadhani mmoja wetu kapotea. Akacheka, akasema yeye kanunua kwa Mrushaji mwenyewe, nikamuuliza kalipa ngapi akafungua simu akanionyesha. Kanunua siku moja baada yangu na kalipa kama theluthi mbili ya nilichotoa mimi. Na begi karuhusiwa mbili, mimi niliambiwa moja, ya pili nimeilipia pale kaunta nikiwa natoka jasho. Yaani tumebanana mkono wa siti mmoja halafu mwenzangu yuko kwenye ofa.

Nilipofika hotelini sikulala, nikaanza kuchimba. Kumbe siti za daraja la kawaida wanazigawa kwa herufi, Y mara nyingi ndio nauli kamili, halafu zinafuata herufi za bei ya chini na kila shirika lina mpangilio wake. Mrushaji ndiye anayeamua herufi zipi zionekane kwa Muuzaji, kwahiyo anaweza kuwa na za bei poa kwa wateja wake huku kwa mwenzake kafunga. Juu ya hapo Muuzaji anapanga nauli yake mwenyewe kwa herufi zile alizoachiwa. Bado hujaongeza ile tozo ya shirika, ile inayokaa jirani na kodi kwenye mchanganuo wa tiketi ili uione kama kodi ya serikali wakati ni hela yao wenyewe, na kila mmoja anaweka kiwango chake.

Halafu kuna kitu sikukijua kabisa. Mashirika mawili yakikaa mezani yakapangiana nauli hivihivi, nchi nyingi hiyo ni kesi ya kuvunja sheria ya ushindani wa biashara. Ndio maana mashirika ya KLM ya Uholanzi na Northwest ya Marekani ilibidi yaombe kinga ya sheria hiyo kwa serikali ya Marekani, wakapewa 1993, wakaanza kupanga bei na ratiba kama shirika moja. Wasio na kinga ya namna hiyo kila mtu na bei yake. Kwahiyo kastama kea akikwambia "hatuwezi kuingilia nauli za mwenzetu" kuna wakati anasema kweli. Hapo nikawaelewa kidogo. Kidogo tu, maana kwenye matangazo wanajiita washirika na picha wamepiga wakiwa wameshikana mikono.

Na hata hiyo tofauti ya nauli ningeimeza, mbona sokoni kila siku tunapishana bei. Kilichoniua ni tarehe ya kurudi.

Nilitaka kusogeza siku mbili mbele. Nikafungua tovuti ya Mrushaji, ndege ya siku hiyo ipo, siti zipo, tena kwa nauli ya chini. Nikawapigia. Dada mmoja mpole sana, akaniomba namba ya tiketi nikamsomea tarakimu zote 13, hata sijamaliza vizuri akasema "kaka, hii sio ya kwetu, zile tatu za mwanzo ni za wenzetu, wao ndio wanaweza kuigusa". Sawa. Nikampigia Muuzaji, nikasikilizishwa muziki dakika 40 (wimbo mmoja, unarudia, sasa hivi naujua mpaka pale pa kinanda), akaja kijana akasema kwenye mfumo wao siku hiyo imebaki Y peke yake, niongeze tofauti ya nauli pamoja na faini ya kubadilisha. Nikapiga hesabu, hiyo nyongeza inazidi tiketi mpya nzima ya kwenda upande mmoja kwa Mrushaji. NYONGEZA inazidi tiketi!!

Nikamwambia kaka, nimefungua tovuti ya wenzenu hapa mbele yangu, siti naziona.
"Hizo ni siti zao mheshimiwa."
Na ndege ni ya nani?
"Ya kwao."
Na mimi ni wa nani?
Kimya. Halafu muziki ukarudi.

Nikanunua tiketi mpya kwa Mrushaji, kipande cha kurudi cha Muuzaji kikafa. Nikaomba angalau nirudishiwe kodi za uwanja za kile kipande ambacho sikusafiri, Muuzaji kajibu aliyeendesha safari ndiye mwenye taarifa, Mrushaji kajibu hela hajapokea yeye. Na ile hela ya begi ni hivyohivyo, kaunta ya Mrushaji ndiyo iliyonitoza lakini wanasema walifuata kilichoandikwa kwenye tiketi ya Muuzaji. Pointi za safari ndio usiseme kabisa, herufi niliyopewa kumbe kwenye kadi yangu inaingiza sifuri, na mimi ndiye niliyelipa zaidi.

Kinachokera ni kwamba kwenye mambo mengine hii danadana ilishafungiwa mlango. Begi likipotea au likiharibika, Mkataba wa Montreal wa 1999 unakuruhusu umdai yeyote kati yao, aliyekuuzia au aliyekurusha, au wote wawili. Ulaya nao kanuni ya 261 ya 2004 imenyoosha, ndege ikichelewa sana au ikifutwa anayebanwa ni anayeirusha, euro 250, 400 au 600 kutegemea umbali. Sasa kwenye nauli na kubadilisha tarehe ukitafuta mstari wa namna hiyo huupati, unaishia kwenye masharti ya tiketi, na masharti kaandika nani? Muuzaji.

Kwahiyo anayekata tiketi leo, tafuta kwanza yale maneno ya sisimizi ujue nani anarusha, kisha fungua tovuti ya huyo anayerusha uangalie ndege ileile bei gani na begi ngapi. Wakati mwingine kwa Muuzaji ndio kuna nafuu, sikatai, kuna watu wamepata. Ila jiulize pia ukitaka kubadilisha utapiga simu wapi, na kama una moyo wa kusikiliza kinanda.

Mimi skrinshoti ninazo zote, risiti ya begi ninayo, na meseji zao mbili za juzi, zimepishana masaa matatu, kila mmoja ananielekeza kwa mwenzake kwa heshima kubwa. Aliyewahi kurudishiwa kodi za kipande ambacho hakusafiri kwenye tiketi kama hii naomba aniambie alimwandikia nani kwanza na ilichukua muda gani. Na kama kuna aliyeenda moja kwa moja kwa benki ya kadi yake kupinga malipo, ilikubali au ulipigwa chini?